Pumzi Niliyodhani ni Ugoro

Mwaitu Mbithe,

Umeenda Katangi kumuaga mama yako mdogo, na umesema utarudi na gari la saa kumi na moja. Sasa ni saa nane na dakika kumi. Nina saa tatu kasoro dakika kumi za kuandika, na ukifika utakuta nimeshaondoka hapa mezani.

Sanduku lako nimeliona mlangoni, limefungwa kamba. Sitakuandikia habari za blanketi wala viatu vya mvua. Kakamega unakokwenda kunanyesha, hilo unalijua, na tangu darasa la tatu sijawahi kukuona ukisahau kitu nyumbani.

Nimekuita mwaitu, mama yangu, tangu siku niliyokupakata mara ya kwanza, kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu mzazi. Mtu wa kwetu halitaji jina kama hilo kwa ukali. Miezi saba sasa sijakuita hivyo kwa sauti, maana sijui kama ungeitika. Kwenye karatasi najaribu.

Nataka kukuandikia habari ya pua. Huenda ukacheka. Ukicheka nitashukuru, kwa kuwa sijasikia kicheko chako tangu Februari. Upande wako wa hadithi hii unaujua kuliko mimi. Mimi nakupa wangu, nao si mzuri.

Nilianza kubeba kokoto nikiwa na miaka kumi na minne, mwaka aliokufa baba yangu. Hakuna aliyenifundisha ufundi, niliuiba kwa macho. Yule fundi niliyembebea alichanganya kwa kukisia, nami nikawa nahesabu karai zake kimyakimya: moja ya simiti, mbili za mchanga, tatu za kokoto. Alipokosea nilijua kabla yake. Hadi leo nimejenga matangi arobaini na moja, kutoka Mwala mpaka Masinga, na mvua ile ya El Niño ilipobeba madaraja, hakuna tangi langu hata moja lililopasuka. Sijisifu. Nataka ujue kwa nini mtu kama mimi, akishapiga hesabu yake ikatoka sawa, hamsikii tena mtu.

Mama yako alipoanza kuhema na daktari wa Machakos akatuambia moyo umepanuka, nilishika penseli ya ujenzi nikachora jedwali kwenye ukuta wa jikoni. Vidonge vitatu kwa siku, kila kimoja na alama yake. Siku ya ishirini na nane nilisimama mbele ya ukuta ule nikamwambia, "Vidonge themanini na vinne, na bado ukitoka chooni unahema kama umepanda mlima?"

Mama yako akanitazama, akasema, "Pole, Baba Mbithe."

Aliniomba msamaha. Mgonjwa aliniomba msamaha kwa kutopona kama ukuta ulivyotaka. Na mimi nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeombwa msamaha kwa haki.

Kwa hiyo sishangai kwamba ile nyingine, ya pua, hakuniambia. Nina kinyongo naye, sitakuficha; ninasimama pale kaburini na kumwuliza kwa nini alinificha kitu ndani ya nyumba yangu. Lakini sishangai.

Mara moja nilikiona. Ilikuwa katika wiki zake za mwisho. Nilirudi nyumbani saa saba mchana kuchukua pima maji ya kunyooshea kuta niliyokuwa nimeiacha, nikasimama mlangoni mwa chumba. Yeye alikuwa ameegemea mto, macho ameyafumba. Wewe ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, kidole gumba na kidole cha pete viko kwenye pua yake. Nilidhani unampangusa. Nikasema, "Tumia maji ya vuguvugu." Hamkunijibu wala hamkufungua macho. Nikachukua pima maji nikaenda zangu.

Nilisimama pale labda sekunde ishirini. Ningevua viatu nikaingia, ningekaa upande ule mwingine wa kitanda, ningeuliza tu, "Mnafanya nini?" Nilikuwa na mafundi wawili wananingoja na zege inakauka.

Tulimzika Agosti. Januari nilitoka alfajiri kuangalia punda, nikakuona nyuma ya tangi letu. Ulikuwa umekaa juu ya matofali mawili, mgongo wima, kanga mabegani, mkono wa kulia puani. Unaziba upande mmoja, unavuta kwa mwingine. Unaziba ule, unaachia kwa huu. Taratibu, kama mtu mwenye starehe yake.

Wewe fikiria nilichokiona. Hapa kwetu mtu anayeziba tundu moja la pua na kuvuta kwa lingine ni wa aina moja tu. Nimekua nikimwona mama yangu, huyu Susu wako, akifanya hivyo kila asubuhi na kopo lake la ugoro. Susu hajabatizwa, hakuna wa kumwuliza. Lakini kanisani kwetu ugoro na pombe viko mstari mmoja, na wewe ulikuwa mwimbaji wa kwaya, na mimi mzee wa kanisa.

Sikukuita. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, na nakuomba ulitazame vizuri, kwa sababu mimi nimelitazama kwa miezi mingi. Badala ya kukuita wewe, nilienda kwenye kopo.

Ugoro wa Susu namletea mwenyewe kutoka soko la Mwala. Kopo moja hukaa siku kumi na nne. Nikachukua kijiti cha kiberiti, nikakitumbukiza mpaka chini, nikakiweka alama kwa ukucha, na kila jioni nikawa napima kwa siri kama ninavyopima maji ya kisima. Kopo likaisha siku ya nane. Kumi na nne ukigawanya kwa nane unapata moja na robo tatu. Nyumba hii ilikuwa inanusa kwa pua moja na robo tatu! Pua moja ilikuwa ya Susu. Ile robo tatu nikaiandikia jina lako.

Hesabu ilikuwa sawa, Mbithe. Mpaka leo ukiipiga inatoka sawa. Jina ndilo lililokuwa la uongo, na jina sikulipima na chochote.

Ningekuuliza kama mzazi kabla ya kukupeleka popote. Nilikwenda kwanza kwenye baraza la wazee wa kanisa, nikasema sitapendelea damu yangu. Mzee Nzioka, mwenyekiti, akanishika bega. "Mutua," akasema, "wazazi wangekuwa kama wewe hili kanisa lingekuwa mbali." Nilirudi nyumbani nimefurahi. Naandika neno hilo na mkono unakataa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mkewe amemzika miezi mitano tu, binti yake anakaribia kuaibishwa, na mtu anatembea barabarani amefurahi kwa kuwa amesifiwa.

Siku ulipoitwa nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka dirishani. Mzee Nzioka akakuuliza, "Mbithe, kuna kitu unavuta kwa pua?"

Ukasema, "Navuta hewa."

Wakacheka. Mmoja wao akasema, "Hewa hata mbuzi anavuta. Sisi tunauliza kitu."

Kisha ukanitazama mimi. Ulinitazama kwa muda mrefu, si kwa hasira, ulikuwa unangoja. Nami nikainamia karatasi yangu yenye kumi na nne na nane.

Jumapili kumi na tatu kwenye benchi la mwisho. Bila kwaya, bila meza ya Bwana.

Siku adhabu ilipotangazwa Susu alinipa mgongo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kivulini, nikamsalimu, akakigeuza kigoda.

"Mwaitu, nimekukosea nini?"

"Nani anaongea na mimi?" akasema. "Mimi si nimetengwa? Mbithe amewekwa nyuma kanisani. Mbithe ni nani kama si mimi? Hata kubatizwa sijabatizwa, na tayari umenifukuza."

"Huyo mtoto anavuta ugoro wako."

"Wewe!" Akageuka, kidole hewani. "Miaka sitini nimenusa. Mtu wa ugoro namjua hata akiwa amelala. Nimenusa leso ya huyo mtoto. Ni safi kuliko mdomo wako."

Nilisema moyoni, ni bibi anamtetea mjukuu. Siku tatu alikataa chakula kilichopitia mkononi mwangu.

Sasa nifike kwa Sista Nthenya, muuguzi wa zahanati. Ilikuwa wiki ya kumi na moja. Kichwa kilikuwa kinaniuma nyuma kwa siku kadhaa, nikapita zahanati nikitoka kazini. Sista akanifunga ule mkanda mkononi, akapima, akapima tena.

"Mia moja tisini juu ya mia moja na kumi," akasema. "Mzee, hii presha ni ya kuanguka nayo njiani. Dawa utapata, lakini kaa hapo kwanza utulie. Fanya ile ya Mama Mbithe, mizunguko kumi, halafu nipime tena."

"Ile gani?"

"Ile ya pua. Kwani hukuwa unawaona?" Akacheka kidogo. "Mimi nilifunzwa na daktari mmoja Mhindi nikiwa mwanafunzi. Nimefunza watu wengi, wengi wanaacha. Lakini huyo msichana wako! Mama alipochoka mkono, yeye ndio alikuwa anamfungia pua. Walikaa hapo hapo, hiyo benchi umekalia, wakanionyesha."

Akadhani sijaelewa, akainua mkono wake wa kulia. Kidole gumba akaziba tundu la kulia, akavuta kwa la kushoto polepole. Akaziba la kushoto kwa kidole cha pete, akafungua la kulia, akaachia. Akavuta kwa hilo hilo la kulia, akaziba, akaachia kwa la kushoto. "Huo ni mzunguko mmoja," akasema. "Usilazimishe, usishindane. Ukihisi kizunguzungu unaacha. Hii haiponyi moyo, Mzee, nilimwambia Mama ukweli. Hii ni ya hofu. Mtu akikosa pumzi anaogopa, akiogopa pumzi inazidi kupotea. Sasa hii inamrudisha katikati."

Mbithe, nilikuwa namwangalia mikono na naona matofali mawili nyuma ya tangi. Naona kitanda saa saba mchana. Aliponipima tena presha ilikuwa imepanda.

Kutoka zahanati hadi nyumbani ni kilomita saba. Nilisukuma baiskeli, sikuweza kuipanda.

Nilimkuta Susu akipepeta. Nikamwuliza kwa adabu, mara ya kwanza katika jambo hili lote, "Mwaitu, ni nani mwingine anayenusa kopo lako?"

"Mama Nzioka," akasema, bila hata kusimamisha ungo. Mke wa mwenyekiti! "Anakuja Jumanne na Ijumaa kuniangalia mguu. Mguu gani? Mguu wangu ni mzima."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulitia kijiti kwenye kopo langu ukifikiri mimi ni kipofu." Kisha sauti ikashuka. "Nilitaka kumtaja. Mtoto ndiye aliyenizuia. Alisema, acha, Susu, huyo ndiye aliyefua shuka za mama mpaka mwisho. Ukimtaja, Baba atamweka nyuma na yeye."

Sikuwa najua ni nani aliyefua shuka zile. Nilikuwa nikizikuta safi kwenye kamba.

Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba, unatwanga mahindi ya muthokoi. Nikasimama, nikasema, "Nimeongea na Sista Nthenya." Ukaendelea kutwanga. Nikasema, "Mbona hukuniambia?" Hata hapo nilikuja na swali lenye kukulaumu. Ukaweka mchi chini, ukanijibu bila kupandisha sauti: "Ulikuwa umeshapiga hesabu, Baba."

Halafu ukasema lile jingine, ambalo sitalisahau hata nikisahau jina langu. Kwamba Mama ndiye aliyesema nisiambiwe. "Alisema ukijua utaanza kuchora ukutani. Alitaka kitu kimoja kisichohesabiwa."

Ukaniambia hata hesabu ya Sista, nne za kuvuta na nne za kuachia, mama yako aliikataa. Mlivuta kwa urefu wa kutaja moyoni majina ya ndugu zake wa kwao Kivaa, na kuachia kwa kuyataja tena kuanzia mwisho. Kwamba tangu mazishi kifua chako kilikuwa kinakubana ukiamka, na kukaa pale nyuma ya tangi ilikuwa njia yako ya kupata pumzi na kuwa naye. Ukasema hayo yote ukiangalia kinu. Kisha ukachukua mchi.

Ningekuangukia miguuni pale pale. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Mimi nikasema, "Nitaenda kwa Mzee Nzioka akurudishe mbele," kana kwamba wewe ni tofali lililowekwa upande usiofaa.

"Sitaki kurudishwa," ukasema. "Zimebaki mbili. Nitazimaliza."

Nilienda hata hivyo, nikiwa na hasira. Sikumtaja mkewe. Nilisema tu kwamba tulikosea, msichana hana hatia. Mzee Nzioka akatazama viatu vyake. "Mutua," akasema, "wiki mbili ni nini? Mtoto ameshazoea. Ukifufua haya maneno watu watauliza, kama si yeye basi ni nani? Utawajibu nini?" Sijui kama alijua. Sikumwuliza. Nikanywa chai yake, nikarudi.

Na hapa ndipo pabaya kuliko kopo. Kwa kopo nilikuwa sijui. Kuanzia siku ile nilijua. Jumapili zako mbili zikapita nikijua. Ukaacha kwaya nikijua, ukaacha kuja kanisani kabisa. Ukaacha pia kukaa nyuma ya tangi, na hilo ndilo linaloniua. Alfajiri nakusikia kupitia ukutani ukiamka na kuzunguka chumbani, pumzi inakimbia, na matofali yale mawili hakuna anayeyakalia. Nilikunyang'anya mahali pako pa kukutana na mama yako. Miezi mitano nikanyamaza, kwa kuwa kusema kungenigharimu kiti cha tatu kutoka dirishani.

Ukaandika maombi ya chuo cha uuguzi bila kuniambia. Nikaona bahasha. Vyuo viko karibu, tena vizuri; wewe ukachagua kilicho zaidi ya kilomita mia nne kutoka hapa. Naelewa umbali ni nini.

Na mimi pia niko na lalamiko langu, nilitoe liishe. Ulinijua. Ulijua nilivyo mgumu, na bado ulingoja niulize. Ungenipigia kelele barazani. Ungesema, "Baba, ni ya Mama." Maneno manne. Nimelibeba lalamiko hili, na kila nikilipima linakuwa jepesi, kwa sababu nakumbuka vile ulivyonitazama. Ulikuwa unasema. Mimi ndiye niliyeinamia karatasi.

Tangu Aprili nimekuwa nikijifunza. Sista amenionyesha mara tatu. Mwanafunzi mbaya kama mimi sijawahi kuona. Tundu langu la kushoto ulishaliona jinsi lilivyo. Ngazi iliniangukia kabla hujazaliwa na mfupa ukakaa vibaya. Hewa inapita pale kama maji kwenye bomba lililojaa mchanga. Ule upande mwingine uko wazi mno. Kwa hiyo mizani yangu siku zote imelala upande mmoja. Sista anasema nisipigane nalo, nivute kidogo tu kile kinachokubali kupita.

Nafanya kazini, asubuhi, kabla hatujachanganya. Mara ya kwanza Muli, yule fundi wangu, alisimama na koleo akanitazama.

"Fundi, ni simiti imeingia pua?"

"Ndiyo," nikasema.

"Mbona inaingia kila siku saa moja?"

Sasa wamezoea. Wanangoja nimalize. Nikikuambia kwamba napata amani nitakuwa nadanganya. Siku nyingi ninachopata ni mama yako akisema pole. Lakini kuna siku, labda mzunguko wa sita au wa saba, mabega yanashuka yenyewe, na kwa muda mfupi sidai kitu kwa mtu yeyote. Najaribu kutohesabu. Ndiyo maana nasema labda.

Majina ya Kivaa siwezi kuyatumia, si yangu. Navuta tu.

Utakuwa muuguzi. Kuna siku ataingia wodini mume wa mtu, mkononi ana karatasi yenye mistari, akuulize kwa sauti ya juu mbona vidonge themanini na vinne havijafanya kazi. Utamchukia. Utaniona mimi. Naomba umtafutie mahali pa kukaa. Mtu huyo anaogopa, na hajui kwamba anaogopa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kile kinachomfanya ahesabu ni hofu. Mimi nilifikiri ni akili. Usiku mama yako alipokuwa akihema, mimi nilikuwa kwenye giza najumlisha, ili nisisikie. Laiti mtu angenishika mkono, akauweka kwenye pua yangu.

Sasa nikueleze ya leo asubuhi, kwa sababu hukuwepo, na kabla hujafika nyumbani mtu atakuwa ameshakusimulia njiani kwa namna yake.

Wakati wa matangazo kanisani nilisimama. Nilisema, "Mimi Mutua nilimshtaki binti yangu hapa kwamba anavuta ugoro. Ni uongo. Alikuwa anavuta pumzi, jinsi alivyofunzwa zahanati kumsaidia mama yake aliyekuwa anakufa. Nimejua tangu Aprili. Nimenyamaza ili nisiaibike."

Mzee Nzioka akasema, "Keti, Mzee Mutua, hilo tutalizungumza ofisini."

Nikamwambia, "Yeye hamkumtenga ofisini."

Mama Nzioka alikuwa safu ya pili upande wa akina mama, anafunga na kufungua fundo la leso. Sikumtaja. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Kama si Mbithe, ugoro ulikuwa wa nani?" Nikasema, "Mimi nilipima kopo. Sikupima moyo wa mtu, wala sitaanza leo." Nikashuka kutoka viti vya wazee, nikatembea hadi benchi la mwisho, nikakaa mahali pako.

Sikuwa nimewahi kukaa pale. Hakuna kinachoonekana. Kuna nguzo mbele, pana, inaziba kwaya na mimbari yote. Nguzo hiyo niliijenga mimi. Walitaka nyembamba, nikawapigia hesabu ya uzito wa paa, nikaongeza inchi nne kila upande. Kumbe Jumapili kumi na tatu ulikuwa unaitazama kazi yangu. Niliegemeza kichwa pale kwenye zege na kwaya ikaimba upande wa pili, na sauti yako haikuwemo.

Hakuna aliyenifuata nilipotoka. Sijui wataniweka nyuma kwa Jumapili ngapi. Wanipe watakazo.

Sikuyasema yale ili ubaki. Tiketi umeshakata, na umefanya vizuri. Wala sikuombi unisamehe kufikia kesho asubuhi. Mimi mwenyewe nilichukua miezi mitano kufungua mdomo, siwezi kukupa wewe usiku mmoja. Umemwambia Susu kwamba mjomba wako ndiye atakayekusindikiza, nisije stendi. Sitakuja. Nitakuwa nimeshaenda kazini, upande wa mtoni. Kilio kikinijia nitajua cha kufanya na mikono yangu, kuna mawe mengi kule.

Kitu kimoja tu. Huko ugenini kifua kikikubana, kaa. Popote, hata chooni, hata kwenye ngazi za hosteli. Fanya ile ya mama yako. Usiache kwa ajili yangu kitu ulichopewa na yeye. Mtu akikuuliza unavuta nini, si lazima umjibu.

Na barua. Najua kuniandikia mimi kutakuwa kugumu, pengine kwa miaka. Usijilazimishe. Mwandikie Susu, ni jina lako, yeye hajakukosea. Mwambie kila kitu, umekula nini, nani anakusumbua, kama unalala, kama pumzi inakuja. Mwambie na ubaya wangu wote kama utapenda, usipunguze.

Susu hajui kusoma. Mimi ndiye nitakayemsomea.

Ni mimi,
Baba yako, Mutua